Nilimwandika mke wangu kuwa mtoto wa miaka tisa

Kosa tunalofanya wengi, hasa sisi tuliosoma kidogo, ni kukifunga kitu kabla ya kumuuliza anayekitumia kinamsaidia nini. Nimelifanya ndani ya nyumba yangu, na aliyeumia hayupo tena nimwombe msamaha.

Nina miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa hisabati, naishi Ilomba hapa Mbeya. Nashukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina. Tulijaliwa binti mmoja, nitamwita Tumaini. Miaka mitatu iliyopita aliacha chuo cha ualimu nilichomchagulia, akaenda Iringa kushona nguo, akapanga chumba mtaa wa Mlandege, na baadaye akazaa huko kabla ya ndoa. Kwa hasira nikatamka kwamba simu ya nyumba hii isimpigie. Mke wangu akajibu, "Nimesikia, Mwalimu." Hakumpigia. Nilikuwa naikagua simu yake, kwa hiyo najua.

Mwaka jana mke wangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Akawa anakaa barazani kwenye jua la asubuhi, kitenge magotini, anacheza mchezo wa shamba kwenye simu kwa kidole cha kushoto. Unapanda kabichi na viazi, majirani wanakumwagilia, nawe unawamwagilia. Majirani hao ni wachezaji wengine popote walipo, na kuna mahali pa kuandikiana. Nikamtania, "Mama Tumaini, viazi bila mbolea?" Akacheka upande mmoja wa uso. "Vyako... vya ubaoni... viliota?"

Mimi ni msomaji wa habari za teknolojia. Nilikuwa nimesoma kwamba michezo mingi hutengenezwa kwa makusudi ili mchezaji asiondoke, na kwamba matapeli hujificha humo wakijifanya marafiki. Bado naamini habari hizo ni za kweli. Lakini habari ya kweli haikupi ruhusa ya kumfungia mtu mzima. Nilichukua simu yake akiwa amelala mchana, nikawasha udhibiti wa wazazi: nusu saa kwa siku, na mazungumzo yote yazuiwe. Mfumo ukadai umri wa mtoto. Nikaandika tisa, nikaweka neno la siri ninalolijua peke yangu.

Siku ya pili akaniita. "Majirani... wamenyamaza."

"Hao huwajui, Mama Tumaini. Ni matapeli."

"Nifungulie."

"Subiri ukue kidogo," nikamjibu, nikicheka.

Hakucheka. Midomo ikamtikisika kama anatafuta neno, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya kitenge. Hakuomba tena. Wiki tano baadaye kiharusi cha pili kilimchukua.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, mzee wa ukoo huuliza kama kuna mwenye neno na marehemu, aliseme asibaki nalo. Tumaini alisimama, mtoto mgongoni. "Mama, uliacha kunijibu. Kama ni kwa sababu niliondoka nyumbani, nisamehe." Shangazi zake wakalia. Mimi nikajiambia ni uchungu tu unasema, maana nilijua hawakuwa wanawasiliana. Kesho yake akarudi Iringa.

Baadaye nilitaka kumpa dada yangu simu ile. Nikauondoa udhibiti ili niisafishe. Ujumbe uliozuiwa ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wote kutoka kwa jirani mmoja.

"Mama, nimekumwagilia kabichi."

"Mama, mjukuu wako ameanza kusimama."

"Nikija Jumapili, Baba atanifukuza?"

"Mama, umenikasirikia?"

Mke wangu alikuwa ametii neno langu. Simu hakupiga. Alimpata mwanawe kupitia shamba la kabichi, mahali pekee ambapo sikuwa nakagua. Chini yake kulikuwa na jumbe tatu za mke wangu, alizojaribu kumwandikia binti bila kuziona za kwake, zimeandikwa kwa kidole cha kushoto, kila moja ina alama kwamba haikutumwa. Ya mwisho inasema: "njo tu mwanangu babako analainika".

Sikuwa nimelainika. Alikuwa ananisemea mema nisiyokuwa nayo.

Nilikuwa sijui kwamba nikisoma, upande wa pili huonekana kuwa ujumbe umesomwa. Jioni hiyo hiyo simu ya marehemu ikalia. Tumaini ameandika: "Nani anasoma?" Na baada ya dakika chache: "Mama?"

Sijajibu. Ni wiki ya pili sasa. Kila asubuhi simu inalia kuarifu kwamba jirani amemwagilia shamba, na kila asubuhi namuona mke wangu pale barazani akitafuta neno. Naelewa sasa kwamba neno lile lilikuwa jina la binti yetu, na alilimeza kwa kuniogopa.

Kando ya zile jumbe tatu za mke wangu kuna kitufe cha kutuma tena. Nikikibonyeza, Tumaini atapata kauli ya mama yake na mimi nitabaki msafi, lakini atakuwa amejibiwa na maiti. Nikimweleza ukweli, huenda nisimwone tena yeye wala mjukuu niliyemwona mara moja tu, msibani. Nikinyamaza, ataishi akiamini mama yake alikufa amemkasirikia. Mwezi ujao anakuja kuweka msalaba kaburini, naye atanitazama usoni. Ninyi mlio watoto wa watu, mngependa baba awaambie vipi jambo kama hili? Semeni nami, hata kwa ukali.

Nawe uliyefunga simu ya mtu mzima nyumbani kwako, mpe neno la siri leo.