Paa Alilojenga Mke Wangu

Mlango wetu ulivunjwa kwa teke tukiwa tunakunywa kahawa ya alasiri. Ubao wake wa juu ulinipiga mdomoni, jino likang'oka, nikalimeza pamoja na kahawa. Mwenye kiwanja akaingia akiukanyaga mlango kama anayekanyaga mkeka, bakora mkononi.

"Kodi imepanda tena," alisema. "Na mwezi ujao itapanda. Ukitaka, kaa. Hutaki, jabali lile pale, kalale na mbuzi."

Alisema Kiswahili kwa kuwa ujanani alikuwa na duka Unguja, akarudi Maskati kabla mambo hayajaharibika. Sisi tulirudi baada ya kuharibika. Nasema kurudi, ingawa mimi na mke wangu hatukuwahi kuiona Omani hata siku moja. Babu zetu ndio waliotoka huku.

Mkono wangu wa kulia ulibaki Unguja. Mwaka ule wa mapinduzi, wa sitini na nne, panga lilipita chini kidogo ya kiwiko. Pigo la pili lilikuwa la kichwa, nikajitupa nyuma, likaangukia gotini. Aliyenikata nilikuwa namjua kwa sauti. Miaka mingi nilimchukia mpaka katika sijida. Siku hizi nnamwombea, na sijui ni lini nilianza.

Tulifikia Matrah, jirani na Maskati, chini ya jabali. Palikuwa na tajiri mmoja, marehemu, aliyeacha mitende yake wakfu kwa wasioweza kufanya kazi kwa mikono yao. Wakili wa wakfu, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, alinikunja mkono wa kanzu, akakitazama kigutu changu kama daktari, kisha akanitia katika fungu: tende kila Ijumaa na fedha kidogo kila mwandamo wa mwezi. Sharti lilikuwa moja. Siku nitakayoonekana nafanya kazi, fungu limekwisha. Nilikuwa nimehifadhi Kurani, nikataka kusomesha watoto kwa ujira. Wakili akasema kusomesha kwa ujira nako ni kazi. Basi nikasomesha bila ujira, na kwa hilo pia nnamshukuru Mungu.

Kosa letu la nyumba lilikuwa kosa la watu wa Unguja. Kwetu Unguja, mtaa wa Ng'ambo, mtu hukodi kiwanja tu, akajenga banda lake. Ardhi ya huyu, nyumba ya yule, na hapana anayeshangaa. Akihama huondoka na miti yake, mlango wake na makuti yake. Basi yule bwana alipotuonyesha kibanda cha makuti kilichoinama uani kwake, akasema, "Kaeni, tengenezeni mtakavyo," sisi tulifahamu kwamba ardhi ni yake na nyumba ni yetu. Hatukuuliza, kwani nani huuliza jambo analolijua?

Mke wangu ndiye aliyekijenga. Alikulia shamba, kwenye nyumba ya wanawake watupu, na paa lilipovuja hapakuwa na mwanamme wa kuitwa. Alikata miti, akasuka kamba, akaezeka makuti ya mtende kwa namna ya kwetu, safu juu ya safu, mgongo mkali kama wa jahazi lililopinduliwa. Alifanya kazi hiyo adhuhuri, wanaume wa mtaa wakiwa wamelala kwa joto, kwa sababu ya sitara. Mimi nilikaa chini nikimpa kamba kwa mkono wa kushoto.

Tulipotia mlango, kodi ikapanda. Tulipokandika udongo, ikapanda. Paa lilipokwisha na mvua ikanyesha bila hata tone kuingia, ilipanda mpaka ikameza fedha zote za fungu, tukabaki na tende. Kila tulipokifanya kibanda kiweze kukalika, tulijifukuza wenyewe. Na jamaa zetu wengine walikuwa wanawasili kutoka pwani ya Afrika, wakitafuta pa kujistiri. Mwenye kiwanja alikuwa na mtu tayari wa kulipa zaidi.

Siku ile ya mlango mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Yule bwana aliponyanyua bakora juu yangu, mke wangu alichukua mchi wa kinu akampiga nao kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa ukilia. Bakora ikaanguka kwenye kahawa.

"We bibi! Unampiga mwanamme?"

"Nimepiga bakora," alisema mke wangu. "Mkono wako ulikuwa njiani."

Yule bwana akaiokota kwa mkono mzima, akatoka nje, uso umemvimba kwa hasira. Akiwa uani alipiga kelele ili majirani wasikie: "Nnakwenda kwa wakili! Kiwete gani huyu anayejenga nyumba? Anakula haki ya wasiojiweza!"

Hapo ndipo nilipoogopa, na bakora haikuniogopesha vile. Fungu likikatwa, hata kodi ya zamani hatutaiweza, na mtoto atazaliwa juani. Mke wangu alinifuta damu kwa upande wa kanga yake, akasema, "Mdomo wazi. Nitazame kama yamebaki mengine."

Ijumaa, baada ya sala, wakili alikuja. Mwenye kiwanja alikuwa kafunga mkono kwa kitambaa, bakora kaibana kwapani, na ule mwengine ulikuwa unaonyesha juu.

"Tazama paa lile, sheikh. Hilo ni paa la mtu asiyeweza kazi?"

"Kalijenga mke wangu," nilisema.

Mwenye kiwanja alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke wa Kiarabu apande paani! Na tumbo lile! Hata uongo una adabu zake, bwana."

Wakili naye hakuamini. Niliona aibu usoni mwake, aibu ya mtu mwema aliyekamata mwizi asiyemtaka. Huko hapakuwa na mwanamke wa heshima aliyepanda paa. Akanitaka niape. Nikanyanyua mkono wangu wa kushoto, maana mwengine sina.

"Asiape," alisema mke wangu kutoka ndani. Kiarabu chake kilikuwa kibovu, lakini neno la kiapo alilifahamu. "Kiapo kizito hicho, mtu wa mkono mmoja hakiwezi."

Akatoka amejifunga buibui kiunoni, shoka begani. Alipanda ukutani akishika pale anapopajua, bila kutazama, mpaka akafika kwenye mgongo wa paa na kukaa juu yake. Kisha akaanza kulivunja.

Sijapata kuona ghadhabu kama ile. Kamba alizokuwa amezifunga kwa mkono alizifungua kwa mkono, fundo baada ya fundo, na zilizokataa alizikata. Makuti yaliporomoka kwa mafungu, na vumbi, na nge waliojificha humo wakikimbia uani. Boriti ya kwanza ilianguka karibu na miguu ya mwenye kiwanja. Akaruka.

"Nyumba yangu!" alipiga kelele. "Ananivunjia nyumba yangu!"

Akaichomoa bakora kwa mkono mzima, akapanda juu ya rundo la makuti, akampiga mke wangu mguuni, mara moja, na tena. Nilimwona mke wangu akiteleza na kushika mti. Baada ya hapo sikumbuki kufikiri. Nilimwingia yule bwana kwa kichwa, hapa kifuani, tukaanguka wote wawili juu ya makuti. Aliniuma kigutu. Mimi nikampiga usoni kwa kichwa, tena na tena, mpaka pua yake ikavunjika, na damu yake ikaniingia machoni. Wakili, yule mzee mpole, akawa anatupiga wote wawili kwa fimbo yake bila kubagua, huku akisema, "Astaghfirullah! Astaghfirullah!"

Tuliachana kwa kuchoka. Juu, mke wangu alikuwa bado anafungua mafundo.

Wakili akatazama vidole vyake vikiyafungua bila yeye kuviangalia, akaamini. Akamwuliza mwenye kiwanja, "Miti hii uliinunua wewe?"

"Imo katika ardhi yangu."

"Sikuuliza imo wapi. Uliinunua wewe?"

Akafuta pua kwa kile kitambaa cha mkononi. Damu ilikuwa inamdondoka kidevuni.

"Mlango?"

Akatema damu.

"Basi ardhi ni yako," alisema wakili, "na wala hawaitaki. Nyumba haikuwa yako. Na sasa hapana nyumba." Kisha akanigeukia mimi, na sikujua kama amekasirika au vipi. "Wewe endelea kupokea fungu lako. Mtu anayeokolewa na mke mja mzito hawezi kazi kweli."

Majirani waliokuwa wamejaa uani wakacheka. Sikujali. Alhamdulillahi.

Alipoteremka, mke wangu aliinama akashika tumbo. Uchungu ulikuwa umeanza huko huko juu, na hakusema. Wanaume waliokuwa wakicheka waliburura miti na makuti mpaka kwenye kipande cha ardhi ya wakfu kando ya kisima. Ukuta hapakuwa na wakati wa kujenga. Waliusimamisha mgongo wa paa chini, juu ya mchanga, na wanawake wakatundika kanga pande zote mbili. Mwanangu alizaliwa humo kabla ya magharibi.

Baadaye wakili alifikiri kodi ya kiwanja kile, kwani wakfu hautoi ardhi bure. Alitaka kusema nifagie msikiti, akajizuia, akakumbuka kwamba kufagia ni kazi. Mwisho akamwomba mke wangu aezeke ghala la tende la wakfu, na kila paa likichakaa alirudie. Wanaume waliondolewa njiani kwa ajili yake mpaka akimaliza. Kodi hiyo haikupanda hata mara moja.

Leo nnaishi Al Khoudh, nje ya Maskati, kwa mwanangu yule, katika nyumba ya saruji. Mguu wa mke wangu haukupona vizuri, alichechemea mpaka akafa, Mungu amrehemu. Siku alipoingia hapa mara ya kwanza watoto walimwonyesha jiko, wakamwonyesha bafu. Yeye alisimama katikati ya sebule, akainua uso kwenye dari, akauliza, "Na paa hili limefungwa na nani?"