Zabibu Niliyoimeza Nikizungumza

Shule niliacha darasa la sita, na leo duka langu la mvinyo ndilo kubwa kuliko yote Litein. Hakuna aliyenishika mkono. Zabibu ya Chardonnay niliijua kwa ulimi, si kwa daftari. Kwa hiyo mama mmoja mwagizaji wa mvinyo kutoka Nairobi, ambaye hupita kwetu na chupa za kuonjesha, alipotafuta wakala wa kuuzia hoteli za Kericho na Bomet, nilijua kazi ni yangu. Alituita wawili: mimi na mzee mmoja aliyestaafu kuonja chai kiwandani, akafungua kaduka karibu na stendi. Kaduka kenyewe hata friji hakana.

Chupa nne zilifungwa kwa gazeti. Atakayetambua aina nyingi za zabibu kuliko mwenzake ndiye wakala.

Mimi nimelelewa kwamba kinywaji cha mgeni hakitemwi. Ni kama kumtemea yeye mwenyewe. Nikameza kila glasi nikitabasamu. Mzee akatoa kijiko chake cha kiwandani mfukoni, akavuta mvinyo kwa kelele ile ya waonja chai, kama anafyonza supu ya moto, akauzungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Nilimwonea aibu.

"Mzee, hapa si kiwandani," nikamwambia. "Utameza lini?"

"Nikimaliza kazi, boss."

Tatu za kwanza tulizitaja sote sawasawa. Ya nne ilikuja chachu, halafu ikawa na uasali kwa mbali, na ulimi wangu ulishalegea kwa adabu zote nilizomeza. Nikasema ni zabibu ya Chenin, kwa sauti ya mwenye duka kubwa. Mzee akavuta mara mbili, akatema. Nikamwomba Mungu mzee asahau hata jina lake mwenyewe.

"Hii ni Romorantin," akasema. "Ile nyeupe ya Ufaransa isiyopatikana ovyo. Mama, ulituonjesha mwaka jana, siku ile ya mvua ya mawe."

Gazeti likafunguliwa. Ilikuwa yenyewe.

Kuukosa uwakala kuliniuma, sitaficha. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile ya mvua ya mawe nilikaa kando yake, tukamiminiwa chupa moja. Yeye alinyamaza nayo mdomoni. Mimi nilikuwa nasimulia jinsi nilivyojenga ghorofa yangu, nikaimeza bila kukatiza hadithi.

Wiki iliyopita nilikula katika hoteli moja Kericho mjini. Mhudumu akanisifia mvinyo mweupe mpya, akasema unaletwa na mzee mmoja mtaalamu sana.

Nikaagiza soda.