Ndama wa Mabaharia Watatu

Jua halijapanda vizuri Lalago, wilayani Maswa, na Specioza Mahona amepiga magoti kwenye samadi, akimsugua mgongo ng'ombe anayehangaika kuzaa. Ng'ombe anasukuma, anakoroma, kisha analaza kichwa.

"Tangu jana yuko hivi," anasema Specioza. "Kwato moja inaonekana. Ya pili siioni."

Specioza, mwenye miaka 61, ni mfugaji mdogo na kibarua wa palizi kwenye mashamba ya pamba. Ng'ombe huyu mwekundu anaitwa Bujiku. Ni jina la mtu, baharia aliyezama na meli wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Walikuwa vijana watatu wa hapa: Mahona, babu yake Specioza, pamoja na Limbu na Bujiku. Walipanda treni Malampaka kwenda pwani kutafuta kazi, wakaishia kuchochea makaa kwenye meli ya mizigo. Kilichorudi ni habari tu, kwamba meli imepigwa na imezama. Familia hazikuambiwa hata ni bahari ipi.

"Bibi alikaa msiba bila maiti," anasimulia Specioza. "Alikuwa na ng'ombe mmoja, akampa jina la mume wake. Ng'ombe huyo alipozaa jike, bibi akampeleka kwa mama yake Limbu. Jike aliyefuata, kwa kina Bujiku. Ndiyo makaburi yetu hayo."

Tangu hapo kila jike wa ukoo huo hupewa mojawapo ya majina matatu, kwa zamu. Watoto huuliza kwa nini ng'ombe ana jina la mwanamume, na hapo ndipo husimuliwa.

Lakini ukoo umepungua. Ukame ulimaliza ng'ombe wa kina Limbu; familia hiyo sasa inaishi Malampaka. Wa kina Bujiku aliuzwa mnadani. Amebaki huyu mmoja.

Aliyemuuza yule wa mnadani ni kaka yake Klementina Bujiku, mkazi wa Migato wilayani Itilima. Klementina amesikia habari, amekuja kwa bodaboda, na sasa amesimama nje ya zizi. Yeye na Specioza wana miaka minne hawazungumzi.

"Wangaluka, dada," anaamkia kwa Kisukuma.

Specioza anaitikia bila kugeuka.

"Mtoto wa kaka alikuwa amelazwa," Klementina anamweleza mwandishi wa makala haya pembeni. "Mimi nilipata habari ng'ombe ameshaenda. Lakini machoni pa dada, tuliuza sote."

Afisa mifugo, Elineema, anafika na pikipiki. Anavaa glavu ndefu, anapima, na uso wake unabadilika.

"Mama, mguu mmoja umekunjika, na ng'ombe amechoka sana. Nikimkatakata ndama humo ndani, huyu anaweza kupona. Nikijaribu kumtoa mzima, naweza kuwapoteza wote wawili."

"Ndama ni mzima?"

"Nimemtia kidole mdomoni. Amenyonya."

Kwa mara ya kwanza Specioza anamtazama Klementina. "Jina ni la babu yako. Sema wewe."

Klementina anaingia zizini. "Mtoe mzima."

Elineema anamrudisha ndama ndani, anautafuta ule mguu, anaunyoosha, kisha anaifunga miguu kamba. Kila ng'ombe anaposukuma, wanawake wawili wanavuta kamba pamoja. Ndama anaangukia kwenye nyasi na hatikisiki. Elineema anamfuta pua, anamsugua kwa gunia. Kimya. Anasugua tena. Ndama anapiga chafya.

"Jike," anasema.

Hakuna anayeshangilia. Mama yake anavuja damu na hainui kichwa. Elineema anamdunga sindano, anamkamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, kidogo kwa ajili ya ndama, anadunga tena. Kabla ya saa sita ng'ombe aliyeitwa Bujiku amekufa.

Sasa hofu ni nyingine. Ng'ombe wawili wengine wa Specioza, wasio wa ukoo huu, wamekauka maziwa.

"Bila maziwa ya kutosha hafiki kesho kutwa," anaonya Elineema.

"Kwangu kuna ng'ombe amezaa juzi," anasema Klementina kwa sauti ya chini. "Lakini sikuombi, dada."

Specioza anamwinamia ndama.

"Kaka yako bado yuko pale?"

"Yuko."

"Akikwama tena?"

"Siwezi kumsemea. Ila ndama nitamlaza chumbani kwangu."

Specioza anavua kanga aliyojitanda, anamfunga nayo ndama. "Zamu ni ya Mahona," anasema. "Unambeba babu yangu."

"Naogopa, dada."

"Hata mimi."

Bodaboda inaondoka, ndama akiwa mapajani mwa Klementina. Specioza anaitazama mpaka vumbi linapotulia, kisha anakaa chini.

"Mwaka juzi huyu Bujiku alizaa jike. Kina Limbu waliniomba, nikawanyima. Nilisema hapa kwangu ndipo salama. Akafa kwa homa humu humu zizini, hata jina hajapewa," anasema. "Huyu akikua, jike wake wa kwanza aende Malampaka kwa kina Limbu. Wa pili ndiye arudi hapa. Sitaki tena wakae boma moja."

Jioni simu inaita.

"Amenyonya?" anauliza Specioza kabla ya salamu.

"Kidogo. Sasa amelala."

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua, dada."

"Jumamosi nakuja kumwona," anasema Specioza. "Na usizime simu."