Maziwa Yaliyolowesha Gauni la Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Kilosa, Sista Mkuu alinikabidhi mtoto aliyetoka kuzaliwa, akasema, "Mizani itangoja. Mlaze kifuani kwa mama yake, anyonye dang'a." Dang'a ni yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo bibi zetu waliyakamua wakayamwaga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona naijua dunia.

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya kijiji cha ujamaa, upande wa Mikumi, chini ya Bwana Mganga, mkuu wa zahanati. Kila asubuhi niliwafundisha wazazi: mtazame mtoto usoni, ongea naye, akigeuza kichwa kutafuta titi usingoje mpaka alie. Nilifundisha vizuri. Nyie wasichana mnaoanza kazi sasa, mngenipenda.

Kisha nikazaa mimi. Sikuwa na mume.

"Likizo ya uzazi ni ya wenye ndoa zao," Bwana Mganga akasema bila kuniangalia. "Wewe hiyo mimba uliipata kwa likizo gani?"

Wahudumu wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, mpumbavu mimi. Kitovu cha Neema kilipodondoka tu nikarudi kazini, nikamwacha kwa jirani, Mama Saidi, awe anamnywesha uji mwepesi kwa kijiko. Ikawa hivyo mwezi mzima, usiku akinyonya kidogo tu, nusu usingizini.

Asubuhi moja alikuja mzazi wa Kisanga, mtoto wake hashiki titi. Nimeinama kumwonyesha, maziwa yangu yakaanza kuchuruzika, gauni jeupe likalowa kifua kizima. Benchi lote likanigeukia.

"Sista, wa kwako yuko wapi?" yule mzazi akauliza.

Nikajifunika kifua kwa mikono.

"Nenda kamnyonyeshe, mdogo wangu. Sisi tunakungoja."

"Nani kamruhusu?" Bwana Mganga akafoka toka mlangoni.

"Sisi. Au utamnyonyesha wewe, Bwana Mganga?"

Nilikimbia. Nilipompa Neema titi aligeuza uso, akalia mpaka Mama Saidi alipomchukua, akanyamaza palepale. Nikamwomba Mama Saidi anirudishie. Nikamlaza kifuani, namwimbia, namkamulia matone mdomoni, anatema. Kesho yake jioni ndipo akashika.

Gauni lao la kazi nilimpa Mama Saidi awarudishie kule zahanati. Ndiko kustaafu kwangu, bado msichana. Nikipita, watu wananong'ona juu ya baba wa mtoto. Wanong'one. Mimi linaniunguza jambo jingine: kijiji kizima nimewafundisha kuwajua watoto wao, wangu akanikataa kama mgeni. Sasa Neema ananyonya huku akinitazama machoni, na mimi ndiye ninayeshusha macho.