Kisu Kilichoisha kwa Kunolewa

Hafidha binti Ubeid, mvuvi wa Kau, kijiji cha kando ya mto, alikuwa na kisu kimoja, na hakikumtoka kiunoni. Alikifunga chini ya leso ndani ya ala ya ngozi, na kazi zote za siku zilipitia kwenye makali yake: kupasua kambare, kukata mkungu wa ndizi, kukata kamba, kumenya embe akiwa juu ya mtumbwi. Majirani walikuwa wamekizoea kama walivyoizoea pete ya kidoleni mwake. Lakini tangu mafuriko ya Novemba, walichokisikia zaidi ni jiwe lake la kunolea.

Jua halijapanda vizuri, krr, krr, krr. Adhuhuri akitoka mtoni, krr, krr. Alasiri, wali ukiwa jikoni, tena.

"Mama Nuriya, leo unachinja ng'ombe?" Mbodze, jirani yake, alikuwa akimtania kutoka upande wa pili wa ua.

Hafidha alicheka kwa midomo tu. Mikono haikusimama.

Chanzo chake Kau nzima ilikijua. Mwezi huo wa Novemba mto ulivimba, na Hafidha na mumewe Adnan wakatoka mbio kuziopoa nyavu zao kabla hazijachukuliwa. Walikuwa wamezivuta nusu gogo lilipoteremka na mkondo, likanasa kwenye wavu na kuuburuta. Kamba ya wavu ikajizungusha mkononi mwa Adnan. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaanza kuingia.

"Kata! Hafidha, kata!"

Alichomoa kisu akakata. Hakikukata. Kiliteleza juu ya nailoni kama kijiko. Akasugua, akasugua, huku Adnan akipiga kelele ambazo hakuwahi kuzisikia kinywani mwake. Uzi wa mwisho ulipoachia, vidole viwili vya mumewe vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Hospitalini walivikata, cha mwisho na cha pete.

Adnan alirudi nyumbani na bandeji, wala hakumlaumu. "Mungu kaniachia vitatu," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "na vitatu vinashika kafi." Hakuuliza hata mara moja kwa nini kisu kilikuwa butu. Hilo ndilo lililomkosesha Hafidha raha. Angemgombeza, naye angelia, wangeyamaliza. Sasa alibaki na hesabu yake mwenyewe. Kisu alikuwa amekinoa Ijumaa, na kamba ilimnasa Adnan Jumatatu. Basi siku tatu zilitosha kukiua. Na kama siku tatu zilitosha, nani angemhakikishia siku mbili, au hiyo moja?

Kwa hiyo alinoa. Akiketi alitaka kusimama, akisimama mkono ulikwenda kiunoni. Katikati ya mazungumzo na wageni alikuwa akichomoa kisu, akigusa makali kwa kidole gumba, akirudisha, kisha akichomoa tena. Mara mbili alijikata. Mara moja aliusahau wali motoni ukaungua.

Kila Jumatatu alipeleka kambare Garsen kwa bodaboda, na kabla ya kurudi alipita kwa Gedi, Msomali mwenye bucha, kununua nyama. Jumatatu moja, akingoja zamu yake, alikaa kwenye kizingiti cha bucha akaanza kukinoa kisu kwenye saruji.

Gedi aliacha kupima nyama. "Mama, hiyo saruji si jiwe. Lete hii kisu nione."

Akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga. Ubapa wa kisu ulikuwa umeliwa hata ukabaki mwembamba kama jani la mnazi.

"Zamani hii kisu ilikuwa pana namna gani?"

Hafidha akaonyesha vidole viwili vilivyobanana.

"Wewe nanoa mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Gedi alikuwa mtu wa maneno machache, na miaka ishirini ya kuchinja ilikuwa imemfundisha kutokuwa na haraka karibu na chuma. "Mimi kila siku nachinja mbuzi tano, sita. Jiwe naweka siku ya nne, siku ya tano. Siku ingine nafanya hivi tu." Akachukua kisu chake mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, akakipitisha kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa mlangoni, upande huu, upande ule. "Makali haikuisha. Imelala tu upande. Ngozi inaisimamisha. Jiwe inakula chuma, mama. Kila ukinoa, unatupa kidogo."

"Nitajuaje kuwa sasa kinataka jiwe?"

Gedi akayaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba chake, bila kukandamiza. Yalishika papo hapo. "Ikiuma ukucha, wacha. Ikiteleza, noa. Wewe unakata nailoni na samaki, noa mara moja kwa wiki, pengine mbili. Na maji ya kwenu iko na chumvi. Kausha, paka mafuta ya nazi kidogo."

"Na kikiteleza siku ile ninapokihitaji?"

Gedi alimrudishia kisu akikishika kwa ubapa, mpini ukimwelekea Hafidha. "Hii imechoka. Tafuta ingine."

Njia nzima ya kurudi, juu ya pikipiki, maneno yale yalimwasha. Mwenye bucha anafanya kazi nchi kavu, alijiambia, na mbuzi aliyefungwa miguu. Yeye anajua nini juu ya mto? Alipofika Kau hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe.

Mvua za masika zilikuja na mto ukapanda tena, si kama Novemba, lakini vya kutosha. Asubuhi moja Hafidha na Adnan walikuwa wamefunga mtumbwi kwenye mti ulioinamia maji, wakitoa samaki nyavuni, Adnan alipoinua uso.

"Gogo."

Lilikuwa linakuja na mizizi yake yote, likizunguka polepole, kubwa kuliko mtumbwi. Adnan alivuta fundo la kamba. Lilikuwa limelowa na kukaza, na vidole vitatu havikuliweza. "Kata!" alisema, na sauti ilikuwa ile ile.

Kisu kilikuwa mkononi mwa Hafidha kabla neno halijaisha. Kilizama kwenye kamba kama kwenye siagi, kikakata nusu. Akaongeza nguvu, akakipindisha kidogo, na ubapa ukavunjika. Ka! Kipande kikatumbukia majini, naye akabaki na mpini na kijipande cha chuma kama ukucha.

Gogo likawafikia. Mizizi yake ikausukuma mtumbwi, kamba ikavutika hadi ikalia, kisha pale ilipokuwa imekatwa nusu ikakatika yenyewe. Walizunguka mara mbili, wakagonga ukingo, wakadondokea kwenye matope na matete. Gogo likapita likaenda zake baharini.

Hawakuumia. Samaki walikuwa wamemwagika, kafi moja imepotea. Hafidha alikaa kwenye matope akiwa bado ameshika mpini.

"Nilikinoa asubuhi," alisema. "Nilikinoa jana mara tatu. Nifanye nini zaidi, Adnan? Niambie nifanye nini zaidi!"

Adnan alichuchumaa mbele yake. Akaangalia pembeni, mtoni.

"Ile Ijumaa ulikinoa vizuri," alisema.

"Ijumaa gani?"

"Kabla ya mkono wangu. Jumapili ulipolala adhuhuri nilikichukua. Nikakwangulia lami ya zamani kwenye mtumbwi, nikashindilia nacho matambara kwenye nyufa. Kikafa kabisa. Nikakipangusa kwa mafuta ya taa usije ukaona lami, nikakirudisha kwenye ala. Nikasema nitakinoa kesho."

Hafidha hakuelewa mara moja. Ilibidi maneno yaingie moja moja.

"Miezi sita," alisema hatimaye. "Miezi sita unalisikiliza jiwe."

"Kila asubuhi nilisema, leo nitamwambia."

"Vidole vyako mwenyewe, nami ninavilipia!"

"Niliona haya, Mama Nuriya. Watu wote walinisifu kwa subira."

Hafidha alisimama, akaenda nyumbani kwa miguu, matope magotini. Siku mbili hakumsemesha. Alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kuoga, akapita. Hasira yake haikuwa ya vidole, wala ya lami. Ilikuwa ya zile asubuhi zote, na ya kucheka kwa midomo mbele ya Mbodze huku mwenye siri akinywa chai nyuma ya mlango.

Siku ya tatu alipanda bodaboda akaenda Garsen, akanunua kisu kipya, chenye ubapa mpana. Gedi alikitia makali ya kwanza bila kuuliza cha zamani kimekwenda wapi. Alimkatia na kipande cha ngozi.

Aliporudi alikiweka mkekani mbele ya mumewe. "Jiwe ni langu, Ijumaa, na siku ukucha ukikataa. Kukausha na kupaka mafuta ni kwako, kila jioni. Na ukikitumia hata kwa kijiti, useme."

"Nitasema."

Na alisema, mpaka akachosha. "Mama Nuriya, nimekata kamba ya mbuzi." "Mama Nuriya, nimefungua mfuko wa saruji, samahani." Mara ya kwanza Hafidha alipocheka cheko la kweli, Adnan aliinamisha kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, naye Hafidha akainuka upesi akaenda jikoni, kwa maana hakuwa amekusudia kumsamehe siku hiyo.

Utulivu haukurudi kwa mkupuo. Ijumaa ilikuwa mbali sana kila Jumanne. Mkono bado ulikwenda kiunoni, ukagusa, ukarudi.

Mwezi uliofuata mpwa wake aliolewa Kipini. Hafidha alikwenda kwa siku nne, na kisu akakiacha Kau, kwa kuwa Adnan alikuwa na kazi ya mtoni. Siku ya pili hakuweza kuvumilia, akampigia simu.

"Umekitazama?"

"Ndicho nilichoshika, namenya embe."

"Ukucha?"

"Kinauma," Adnan alisema, mdomo umejaa.

Ndani wanawake walikuwa wakimwita. Binti wa kupaka hina alikuwa amefika, na zamu ilikuwa yake. Aliingia, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Usiitikise hata kidogo, shangazi," binti alimwambia, "mpaka ikauke."

"Inachukua muda gani?"

"Saa mbili, tatu."

"Saa tatu!" alisema Hafidha, na chini ya leso vidole vya miguu vikaanza kucheza.