Damu ya Mzee

Juzi jirani yetu hapa Kuze alikuwa akipaka mlango wake rangi ya mafuta, na harufu ya tapentaini ikapenya dirishani kwangu kabla sijamaliza chai. Wako ambao harufu ile huwaumiza kichwa. Mimi huniumiza pengine. Niliweka kikombe chini, nikamkumbuka Babu Athmani, baba yake mama, na jambo nililomfanyia ambalo hadi leo sijamsimulia mtu.

Babu alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli. Kazi yake hasa ilikuwa injini za dizeli, zile zilizovuta gari la abiria kutoka bara. Mimi nilipopata akili alikuwa keshastaafu, na presha ya macho ilikuwa imemwacha kipofu kabisa, lakini rangi zote alikuwa nazo kichwani. Alipoanza kazi, akitusimulia, injini zilikuwa damu ya mzee, wekundu ulioiva hata ukakaribia weusi, na ukanda wa manjano uliopita ubavuni mpaka puani, hapo ukapinda huku na huku kama ndevu za kambare. Pindo lile alilipiga mwenyewe, bila rula, pumzi ameibana. Kisha ikaja amri kila injini iwe buluu, na ukanda mweupe ulionyooka. Alipaka, kazi ni kazi, ila buluu ile hakuisamehe.

"Rangi ya jalada la daftari," akisema, na mdomo ukimpinda kama aliyetafuna ndimu.

Nilikuwa na miaka tisa zilipozagaa habari kwamba injini ya abiria imepakwa rangi kwa mara ya tatu, na itaingia Jumamosi asubuhi. Rangi gani, hakuna aliyejua. Jumamosi yenyewe, baada tu ya chai, Babu akaniita.

"Mishi mwanangu, nenda stesheni ukanitazamie. Lakini usitazame juu juu. Tazama tumbo, tazama pua, tazama ukanda umepita wapi. Kisha uje unambie."

"Haya, Babu."

Akanitilia mkononi kashata mbili za nazi zilizofungwa kwa gazeti. Nikatoka na rafiki yangu Zuhura, na nawaapia nilitoka kwa nia njema. Lakini tulipofika Makadara tukakuta watu wanapeleka begi la bi arusi, zawadi kutoka kwa bwana arusi. Matarumbeta mbele, mashavu ya wapigaji yamevimba kama maandazi, nyuma wanawake na masinia kichwani, leso zao mpya bado zinanukia duka. Tukasema tutawafuata mpaka kona. Kona ikazaa kona. Tukaingia mpaka ndani, tukapewa sharubati, tukacheza, na tuliposhtuka muadhini alikuwa akiadhini adhuhuri. Gari lilikuwa limeingia zamani, na injini imekwisha kupelekwa ndani ya karakana.

"Twende tukawaulize wachukuzi," Zuhura akasema.

Jua lilikuwa kali, na tumbo langu limejaa sharubati. "Ya nini?" nikamjibu. "Mimi najua la kumwambia."

Babu alikuwa amekaa penye kizingiti, fimbo katikati ya magoti. Nadhani hakuwa ameondoka hapo tangu asubuhi.

"Ehe! Nambia."

"Damu ya mzee, Babu. Kama zamani."

Akaikamata fimbo kwa mikono miwili. "Na ukanda?"

"Wa manjano."

"Umenyooka, ama umepinda?"

"Umepinda."

"Kama ndevu za kambare?"

"Kama ndevu za kambare."

Machozi yakamtoka, naye anacheka. "Wamerudi," akawa anasema. "Wamerudi wenyewe." Nami niliona fahari, msinielewe vibaya. Nilijiona mtoto mwema aliyemfurahisha babu yake.

Alasiri akavaa kanzu ya kuendea arusini, akaniambia nimshike mkono mpaka barazani kwa wenzake. Hakungoja hata kahawa imiminwe. Akawaeleza rangi, akawaeleza ukanda, akachora lile pindo hewani kwa kidole, na wazee wakawa wanaitikia. Hapo akatokea Mzee Kombo, aliyekuwa fundi wa breki enzi zao, begi lake la safari bado li begani. Alikuwa ametoka Voi, kwa gari lile lile, akapitia kwanza karakana kuwaamkia wenzake.

"Damu ya mzee ipi?" akauliza. "Nimeshuka nayo leo, nikaizunguka nzima nzima. Kijani, Athmani. Kijani, na tumbo rangi ya maziwa. Ukanda hamna, hata wa dawa!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kumbe siku hizi waona kwa ndoto!"

Mkono wa Babu ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nikausikia ukilegea, kidole baada ya kidole. Ningeweza kusema. Neno moja lilitosha. Niliyatazama makubadhi yangu.

"Mtoto alinambia sawa," Babu akasema. "Mimi ndiye niliyesikia nililolitaka."

Tangu siku ile wakambandika jina: Damu ya Mzee. Alilibeba mpaka kaburini. Njiani kurudi nyumbani hakunigombeza, wala hakumwambia mama. Nikajidanganya kwamba yamekwisha. Lakini Babu alibadilika. Mama akimwambia mvua imeanuka, atatoa kiganja dirishani. Akiambiwa samaki hana miba, atampapasa hadi apoe. Nami sikutumwa tena kutazama chochote.

Mwaka ule ule, mwisho wa Ramadhani, nilipanda juu ya paa na wenzangu, nikauona mwezi kwa macho yangu mawili, mwembamba kama ukucha. Niliteremka ngazi mbili mbili.

"Babu, mwezi umeandama! Nimeuona mimi mwenyewe!"

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. Kisha, kwa upole uleule: "Mwite na mamako akatazame."

Nilikasirika. Niliona ananiadhibu, na adhabu imezidi kosa. Imenichukua miaka mingi, na uzee wa mama yangu mwenyewe, ambaye sasa macho yamemfifia na huniuliza kila kidonge ni cha nini, kufahamu kwamba Babu hakuwa akimwadhibu mtu. Asiyeona hana pa kushika ila neno la mwenziwe. Mimi nilimfunza, kwa sababu ya matarumbeta na uvivu, kwamba hata neno la mjukuu linaweza kuwa shimo, na akawa analipapasa kwanza kabla ya kukanyaga.

Mama alipanda juu, akautazama, akashuka. "Umeandama, Baba," akasema.

Hapo ndipo Babu alipoinua mikono kuomba dua.