Zamu ya Mama Achol Kuomba

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi Lodwar, Metroni hakunikaribisha hata chai. Alinipeleka moja kwa moja kwenye wodi ya watoto waliodhoofika kwa njaa, akanionyesha utepe wa rangi tunaouzungusha mkononi mwa mtoto kupima alivyokonda: kijani ni heri, nyekundu ni hatari. Kisha akanikazia macho.

"Binti, mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu, ukimshibisha leo, moyo wake unasimama. Mpe maziwa ya dawa, kidogo kidogo. Akilia, mwache alie."

Mimi niliyetoka Bungoma, ambako mgeni hujaziwa sahani, niliona huyu mama ana roho ngumu. Haikuchukua muda kujua nilikosea.

Nilikaa Lodwar hadi mvi zikaanza, ndipo nikahamishiwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wodi ya watoto kama ile ile. Wodini humo akina mama walikuwa na desturi yao: kila asubuhi, kabla ya maziwa, mmoja wao kwa zamu anaongoza maombi. Wasudani Kusini, Wakongo, Waturkana wenyeji, wote. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, watoto walilala wawili wawili kitandani, na maombi yakawa marefu.

Achol, binti wa mama mmoja kutoka Sudan Kusini, aliletwa akiwa hata kulia hawezi. Tulimlisha kwa mpira wa puani. Siku alipofungua kinywa akaitisha chakula, wodi nzima ilishangilia. Katika furaha hiyo mama yake alitoka nje, akampikia uji mzito wa karanga, akamlisha akashiba. Nilikuwa wodi ya pili. Niliporudi, daktari msimamizi na mimi tulihangaika naye hadi jioni. Alifariki.

"Sista, yeye aliitisha chakula," Mama Achol aliniambia. "Mimi nilijua Mungu amejibu."

Nilimkasirikia Mungu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Niliamua kazi nitafanya, lakini kuomba basi.

Asubuhi iliyofuata mazishi ilikuwa zamu ya Mama Achol. Daktari alisema, "Mrukeni, jamani, apumzike." Lakini alikuja mwenyewe, shuka amelifunga begani, akasimama katikati ya vitanda.

"Mungu, leo mimi sina maneno mzuri ya kukuambia," alisema. "Moyo yangu iko na hasira. Lakini hawa watoto imebaki. Angalia huyu Lokwang. Angalia huyu Esperansi."

Akaenda kitanda kwa kitanda, akiwataja. Alipofika kitanda cha Achol, alikuta kimeshalaliwa na mtoto mwingine, mgeni kwake. Akamwuliza mama wa mtoto huyo jina lake, kisha akamwombea. Mimi nililia mbele ya wagonjwa wote, na niliposikia "amina" niliitikia.

Sasa nimestaafu, naishi Lodwar. Kanisani wakiniita kutoa ushuhuda, wanataka wa mtoto aliyepona. Ninao wengi, nashukuru. Lakini nyinyi wauguzi vijana mnaonijia mmechoka, mkisema mgao umepunguzwa tena na maombi hayasaidii, nawasimulia huyu. Sielewi kwa nini Achol alikufa, na sijifanyi kuelewa. Nimemwuliza Mungu miaka yote hii, hajanijibu. Ila bado ni yeye ninayemwuliza.